Je, Uchu wa Mali ni Wazimu?

Mtu anayekesha akitafuta fedha hadi akawasahau watoto wake, na ambaye kila akipata huona bado hajapata, husemwa mitaani kuwa ana wazimu wa pesa. Msemaji wa maneno hayo kwa kawaida hatoi hukumu ya kitabibu. Anaeleza tu mshangao wake mbele ya tabia isiyo na kikomo. Mazungumzo haya yanauchukua usemi huo kwa uzito wake wote na kuuliza kama uchu wa mali usiokoma una sifa zinazoufanya uhesabiwe miongoni mwa magonjwa ya akili, au kama unafanana nayo kwa sura tu huku kiini chake kikiwa kingine. Swali hili haliwahusu wanafalsafa peke yao, kwa sababu jibu likiwa ndiyo, mwenye uchu huo ni mgonjwa anayestahili tiba na huruma, na likiwa hapana, ni mtu mwenye akili timamu anayepaswa kuwajibika kwa aliyoyatenda.

Kwanza inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Mama lishe anayeamka saa kumi alfajiri kuchemsha maharage, mkulima wa korosho wa Newala anayeongeza shamba kila anapopata msimu mzuri, na fundi cherehani anayecheza upatu ili anunue mashine ya pili, wote wanatafuta mali, lakini mali hiyo ina kazi inayojulikana kabla haijapatikana: karo, bati za nyumba, matibabu na akiba ya uzeeni. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliieleza tofauti hiyo katika kitabu chake kuhusu siasa. Aliona kwamba kuna utafutaji wa mali unaoihudumia nyumba, ambao una mpaka kwa kuwa mahitaji ya nyumba yana mpaka, na kuna utafutaji mwingine ambao fedha hutafutwa ili izae fedha zaidi, na huo hauna mahali pa kusimama. Mazungumzo haya yanahusu aina hiyo ya pili, ambayo mali imeacha kuwa njia ya kufikia jambo fulani na imekuwa yenyewe ndiyo mwisho wa safari.

Wataalamu wa magonjwa ya akili hutumia miongozo miwili mikuu, nayo ni orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ambayo toleo lake la 11 lilianza kutumika mwezi Januari 2022, na mwongozo wa chama cha madaktari wa akili wa Marekani, ambao toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2013. Kwa muhtasari, ili hali fulani iitwe ugonjwa wa akili, ni lazima kuwe na kasoro ya wazi katika fikra, hisia au mwenendo wa mtu, na kwa kawaida kasoro hiyo imletee mateso au imfanye ashindwe kutimiza shughuli zake za kawaida, kama kazi, masomo na malezi. Mwongozo wa Marekani unaongeza tahadhari kwamba mgongano kati ya mtu na jamii yake, au tabia inayoichukiza jamii, hauwi ugonjwa kwa sababu hiyo pekee. Ndani ya miongozo hiyo fedha na vitu vinatajwa zaidi ya mara moja: umo ugonjwa wa kucheza kamari, umo ugonjwa wa kulimbikiza vitu hata visivyofaa mpaka nyumba ikose pa kulala, na katika ugonjwa wa hisia mseto, ambao mgonjwa hupanda kwenye furaha kali na kushuka kwenye sonona, mojawapo ya dalili za kupanda ni kutapanya fedha na kuingia katika biashara zisizo na kichwa wala miguu. Uchu wa mali wenyewe haumo.

Kutokuwamo huko hakumalizi mjadala, kwani orodha hizo hubadilika. Kamari ni mfano ulio karibu. Hadi mwaka 2013 mwongozo wa Marekani uliiweka miongoni mwa kasoro za kushindwa kuzuia msukumo, na katika toleo la 5 ikahamishiwa kwenye sura ya uraibu, yaani hali ya mtu kutawaliwa na kitu asichoweza kukiacha, ikawa tabia ya kwanza isiyohusisha pombe wala dawa za kulevya kupewa nafasi hiyo. Dalili zinazohesabiwa ni 9, na mtu anayeonyesha 4 au zaidi katika muda wa miezi 12 huweza kuthibitishwa kuwa mgonjwa. Yeyote aliyewahi kukaa kijiweni na vijana wanaobeti atazitambua bila kufundishwa. Kijana huanza na mkeka wa shilingi 500, kisha 2,000, kisha anaweka kodi ya chumba, kwa kuwa kiasi kidogo hakimsisimui tena. Mkeka ukichanika hucheza papo hapo ili arudishe kilichopotea. Akinyimwa simu huwa na hasira zinazofanana na arosto, yale maumivu ya mraibu aliyekosa dawa. Na mama yake akimuuliza ilikokwenda ada ya chuo, humdanganya.

Dalili hizo zikiwekwa kando ya maisha ya mtu mwenye uchu wa mali, ulinganifu unashangaza. Naye huhitaji dau kubwa zaidi kila mwaka, kwa maana faida iliyomfurahisha jana leo haimgusi. Naye hakai kwa utulivu siku ya mapumziko. Naye huendelea hata daktari anapomwonya kuhusu shinikizo la damu na mke anapomwonya kuhusu ndoa. Utafiti wa ubongo unaelekea kuupa ulinganifu huo msingi. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz na wenzake walirekodi seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na msukumo wa kutafuta kitu chenye faida, huku nyani hao wakipewa matone ya maji ya matunda baada ya ishara fulani. Mwanzoni seli zilisisimka nyani alipopata maji hayo, lakini alipokwisha kujifunza maana ya ishara, msisimko ulihamia kwenye ishara, na maji yenyewe yakapita bila kuzishtua seli hizo. Mwaka 2001 timu ya Brian Knutson iliwachunguza binadamu kwa mashine ya kupiga picha za ubongo na kuona kwamba eneo dogo lililo ndani ya ubongo, linalohusika na msukumo huo huo, lilisisimka wahusika walipokuwa wakitarajia kupata fedha, na lilizidi kusisimka kadiri kiasi kilichotarajiwa kilivyozidi. Matokeo hayo yanasaidia kueleza kwa nini mtu aliyesubiri kwa hamu kiwanja cha tatu huwa ameanza kukiwaza cha nne kabla wino wa hati haujakauka.

Ushahidi mwingine unatoka hospitalini. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, maradhi yanayoleta kutetemeka na ugumu wa viungo kwa sababu ya upungufu wa dopamini, wakipewa dawa zinazoiga kazi ya kemikali hiyo huanza kucheza kamari au kununua vitu ovyo, ilhali kabla ya hapo walikuwa watu wa kiasi, na dawa ikipunguzwa au kubadilishwa wengi wao hurudia hali yao ya awali. Nao utafiti wa Philip Brickman na wenzake, uliochapishwa mwaka 1978, ulilinganisha watu 22 walioshinda bahati nasibu katika jimbo la Illinois na majirani wao, ukaona kwamba washindi hawakuwa na furaha iliyozidi sana ya wenzao, tena walifurahia kidogo zaidi mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa.

Wanafikra wa karne zilizopita waliliona jambo hilo bila mashine. Mwanasosholojia wa Kifaransa Émile Durkheim, katika kitabu chake kuhusu kujiua kilichotoka mwaka 1897, alihoji kwamba tamaa isiyowekewa mpaka na jamii haiwezi kushibishwa, na kwamba kutoshiba huko ni alama ya maradhi. John Maynard Keynes, mwanauchumi wa Uingereza, aliandika mwaka 1930 kwamba siku ambayo ulimwengu utaitosheleza haja yake ya msingi, kuipenda fedha kwa ajili ya kuimiliki tu kutaonekana kuwa jambo la kukabidhiwa kwa wataalamu wa magonjwa ya akili. Mwaka 1955 Erich Fromm, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani, alikwenda mbali zaidi na kudai kwamba jamii nzima inaweza kuugua, na kila mtu akaonekana mzima kwa sababu ugonjwa ni wa wote. Katika ulimwengu wa Waswahili, sura ya 102 ya Kurani inayoonya juu ya kushindana kwa wingi wa mali na watoto ilikuwa ikisomwa vyuoni karne nyingi kabla ya wataalamu hao, na mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyatumia magofu ya majumba ya matajiri wa Pate kuukanya moyo wake mwenyewe usihadaike na dunia.

Hoja hizo zote zina nguvu, na msikilizaji anaweza kudhani kwamba kesi imekwisha. Haijakwisha, kwa kuwa kuna swali moja ambalo ulinganifu wa dalili hauligusi, nalo ni: nani anayeumia? Mcheza kamari aliyekubuhu huwaumiza wengi, lakini wa kwanza kuteketea ni yeye. Mwenye sonona hushindwa kuinuka kitandani. Anayelimbikiza magazeti na makopo hukosa pa kulala katika nyumba yake mwenyewe. Mwenye uchu wa mali, kinyume chake, mara nyingi hulala vizuri, hupendeza, hualikwa kuwa mgeni rasmi kwenye harambee, na gharama ya tabia yake hulipwa na watu asiowajua hata kwa majina.

Hakuna mfano ulio wazi zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki kuliko ule wa Kongo chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kuanzia mwaka 1885 hadi 1908 nchi hiyo ilikuwa mali yake binafsi, na katika muda huo wote hakuikanyaga hata siku moja. Mahitaji ya mpira kwa ajili ya magurudumu yalipopanda katika miaka ya 1890, vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu cha kuleta, wanawake walishikwa mateka ili waume zao waende msituni, na askari waliotakiwa kuthibitisha kwamba risasi zao hazikupotea bure walileta mikono iliyokatwa. Wanahistoria hawakubaliani juu ya idadi ya waliokufa, lakini wengi wao huhesabu kwa mamilioni. Fedha iliyopatikana ilijenga majengo ya fahari huko Brussels na kununua mashamba katika pwani ya kusini ya Ufaransa, na mfalme aliyekuwa tajiri tangu kuzaliwa hakuwahi kusema kwamba sasa imetosha.

Je, mtu huyo alikuwa mgonjwa wa akili? Kwa kipimo cha kutoshiba, angeweza kuhesabiwa hivyo. Kwa kipimo cha mwenendo wake haiwezekani, kwa sababu alipanga, alikokotoa, aliwalipa waandishi wa magazeti wamsifu, alificha sehemu ya mali katika taasisi iliyoanzishwa Ujerumani, na mwaka 1908, kabla ya kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji, aliamuru nyaraka za dola lake zichomwe moto, zikaungua kwa siku kadhaa. Ni kweli kwamba mcheza kamari naye huficha, lakini yeye huificha hasara yake kwa aibu ya kushindwa kujizuia. Anayechoma daftari za mapato yake anaficha faida, na anafanya hivyo kwa kuwa anajua vizuri sana watu watasema nini wakizisoma.

Utulivu kama huo unaonekana pia kwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa ambaye dola la Leopold lilimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Msomaji wa maisha hayo hukutana na mtu mwenye kumbukumbu kali, anayetaja frasila za pembe, madeni na safari kwa utaratibu wa karani, bila dalili yoyote ya akili iliyovurugika. Kilichokosekana kwa wawili hao hakikuwa akili.

Imani za watu wa kawaida, hata zinapokuwa potofu, zimelitambua jambo hili. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki husemwa kwamba tajiri wa ghafla ametoa kafara, au amechukua ndagu, na kwamba malipo yake ni akili ya mtoto wake au uhai wa ndugu yake. Imani hiyo ni uongo, tena uongo wenye madhara makubwa: imeziongezea majonzi familia zenye watoto wenye ulemavu wa akili, na imani iliyo jirani nayo, ya kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri, ndiyo iliyosababisha watu wenye ualbino kuuawa katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, hasa tangu miaka ya 2000. Hata hivyo, ukiondolewa ushirikina, unabaki utambuzi ulio sahihi, kwamba katika utajiri wa namna hiyo anayebaki na akili zake ni mwenye mali, na anayepoteza ni mwingine.

Sheria nayo inafuata mkondo huo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, humchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kinga ya ugonjwa wa akili humfikia yule tu ambaye maradhi yalimfanya asielewe analotenda, asijue kwamba hapaswi kulitenda, au asiweze kujizuia kulitenda. Kwa mshtakiwa wa namna hiyo ipo Taasisi ya Isanga mjini Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Ofisa anayeandikisha viwanja kwa jina la shemeji yake na magari kwa jina la mtoto aliye darasa la tano hawezi kudai nafasi huko, maana uandikishaji wenyewe ni ushahidi kwamba alijua na kwamba alijitawala.

Kuna sababu nyingine ya kuwa na tahadhari, nayo inatoka katika historia ya udaktari. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, alitangaza kwamba amegundua ugonjwa wa akili unaowafanya watumwa watoroke kwa mabwana zao, akaupa jina la kitaalamu na kupendekeza namna ya kuuzuia, ikiwemo viboko. Bwana aliyelimbikiza watu kama mifugo alihesabiwa mzima, na aliyekimbia minyororo akahesabiwa mgonjwa. Mkasa huo unafundisha kwamba jina la ugonjwa, likitolewa bila kipimo cha haki, huelekea kumfuata mnyonge na kumpa mwenye nguvu udhuru. Leo hii nao wagonjwa wa kweli wanaotibiwa Mirembe au Mathari jijini Nairobi wanabeba unyanyapaa wa kutosha. Kuwaweka katika kapu moja na wanyang'anyi wa mali ya umma ni kuwaongezea mzigo usio wao.

Hata hivyo, kukataa kuuita uchu wa mali ugonjwa hakumaanishi kuitupa hoja ya Durkheim na Fromm, kwamba tamaa hulelewa na jamii. Mpango wa DECI, uliosimamishwa na serikali ya Tanzania mwaka 2009, uliwavuta maelfu ya watu waliopanda mbegu, yaani walioweka fedha, wakiahidiwa mavuno maradufu bila kazi yoyote, na miongoni mwao walikuwamo walimu, wauguzi na waumini wa kawaida, ambao hakuna daktari angewakuta na kasoro. Mwaka 2008 waziri mmoja nchini humo aliposema kwamba zaidi ya dola milioni moja katika akaunti ya ng'ambo ni vijisenti, wananchi walikasirika kwa muda, aliyesema akajiuzulu, kisha neno likageuzwa mzaha. Jamii inayocheka kwa namna hiyo huwa imekwisha kuhamisha mpaka wa kinachotosha.

Dawa ya jambo la namna hiyo ni mpaka, na wazo hilo si geni. Uislamu uliweka zaka, ambayo kwa fedha iliyokaa mwaka mzima na kufikia kiwango maalumu ni asilimia 2.5, kama haki ya wenye shida ndani ya mali ya mwenye nacho. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili au kumiliki nyumba ya kupangisha, na masharti hayo yalipolegezwa kwa uamuzi uliofikiwa Zanzibar mwaka 1991, ilibidi miaka minne baadaye itungwe sheria ya maadili ya viongozi wa umma inayowataka watangaze mali zao. Wapo wanaosema masharti ya Arusha yalikuwa makali kupita kiasi na yaliwafanya viongozi wafiche badala ya kuacha, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini mpaka unaovukwa kwa kificho bado ni mpaka, kwa maana anayeuvuka anajua kwamba amevuka.

Kwa hiyo jibu la swali lililoulizwa ni kwamba uchu wa mali unatembea katika njia zile zile za ubongo ambazo uraibu hupitia, na unafanana na wazimu kwa kutoshiba kwake, lakini si wazimu, kwa sababu mwenye nao anajua anachokifanya, ananufaika nacho, na maumivu yake huyasukumia kwa wengine. Anayeumizwa na fedha ndani ya nafsi yake, kama mcheza kamari au mgonjwa wa hisia mseto, asichekwe, apelekwe kwa daktari mapema. Anayewaumiza wengine kwa ajili ya fedha asipewe cheti cha ugonjwa, aulizwe mali imetoka wapi. Na kila msikilizaji, kabla ya kumnyooshea kidole jirani yake, ajibu maswali mawili kuhusu mali anayoitafuta: ina kazi gani, na nani anayeilipia?